Nani Anampanda Farasi Wangu Nikiwa Kazini?

SWALI LA KWANZA

Mzee wetu habari za siku. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Nairobi. Binti yangu mkubwa anapenda farasi kuliko kitu kingine chochote, basi tulijikaza tukamnunulia mmoja aliyestaafu mbio za pale Ngong Road, jike, rangi ya kijivu, mpole sana. Tunamlaza kwenye zizi moja upande wa Karen, tunalipa kila mwezi, na hiyo pesa ni ya banda, chakula na saisi wa kumsafisha. Sisi huenda Jumatano jioni na Jumapili manake Jumamosi binti ana masomo.

Sasa tangu shule zifungwe naona mambo siyaelewi. Jumapili tukifika tunamkuta amechoka, hataki kutembea, ukimgusa mgongo anauzamisha chini kama anakwepa mkono. Vikuku vya tandiko, vile vya kukanyagia miguu, tuliviacha vifupi saizi ya mtoto, tunakuta vimeshushwa matundu matatu. Siku moja lijamu, kile chuma cha mdomoni, lilikuwa na majani yamekaukia. Nikimuuliza saisi anasema mama hakuna mtu amemgusa, lakini anaangalia chini. Meneja anasema labda ni joto. Alafu rafiki yangu akaniambia Jumamosi aliona farasi anafanana na wetu kwenye bathdei ya watoto, wanapandishwa kwa zamu, ila hana hakika, farasi wa kijivu wako wengi.

Mume wangu anataka twende na polisi tumshike yule saisi. Binti analia anataka tumhamishe leo leo. Mimi sitaki kumharibia mtu kazi kwa jambo sijaliona na macho yangu. Nifanye nini?

Mama wa Mpanda Farasi, Nairobi

JIBU

Mama, pole sana, na shikilia hapo hapo uliposema hutaki kumharibia mtu kazi. Mwambie mzee wa nyumba polisi wasubiri kwanza. Si kwamba kosa ni dogo, ni kubwa, nitafika huko. Lakini kwa vile ulivyoeleza, mtu wa kwanza mnayetaka kumshika huenda ndiye wa mwisho kuamua chochote pale zizini. Saisi hana ufunguo wa geti, haongei na wateja, hapokei pesa. Akiangalia chini ukimuuliza inaweza kuwa anaficha lake na inaweza kuwa anaficha la mkubwa wake, na kwa macho tu hutajua ni lipi.

Kabla ya yote muite daktari wa mifugo anayejua farasi, sio yule wa ng'ombe na kuku, na mpaka aje binti asimpande hata dakika tano. Najua itamuuma lakini mwambie ukweli, mgongo wa rafiki yake unauma. Farasi aliyetoka kwenye mbio mara nyingi anakuja na mgongo wake wa zamani, wengine mifupa ya uti imekaribiana hadi inagusana, wengine meno yana ncha, wengine tandiko lilikuwa linawatosha walipokuwa wanene wakikonda linawachoma. Kwa hiyo maumivu peke yake hayasemi amepandwa na mtu. Yanasema anaumwa na anahitaji daktari. Akija mwombe aandike ripoti yenye tarehe, aseme ameona nini na wapi, kama kuna alama za mshipi wa tumbo unaoshika tandiko, nyuma ya miguu ya mbele, kama ngozi imechubuka. Hiyo karatasi itakusaidia kumtibu, na ikija kufika kwenye mabishano itasema zaidi ya sisi wote.

Wewe mwenyewe unaweza kumpima leo. Simama ubavuni, weka ncha za vidole pale shingo inapokutana na mgongo, alafu shuka polepole kuelekea kiunoni, upande mmoja wa uti kisha wa pili, ukikandamiza kidogo tu. Mzima atatulia au atageuza sikio. Anayeumwa atazamisha mgongo, atapiga mkia, atalaza masikio nyuma, na utasikia misuli inaruka chini ya vidole. Linganisha kushoto na kulia. Fanya hivo Jumatano, fanya tena Jumapili, andika.

Sasa tuje kwenye ushahidi ulionao, manake mama umeona vitu vingi kuliko unavyodhani. Vikuku vimeshushwa matundu matatu. Hapo mimi nasimama kidogo na ile habari ya bathdei. Watoto wa bathdei miguu yao ni mifupi, wengi wanashikwa tu mguuni na kuongozwa kwa kamba, hakuna mtu anahangaika kurefusha vikuku kwa ajili yao, na akihangaika atavifupisha. Aliyerefusha ana miguu mirefu. Ni mtu mzima au kijana aliyemaliza kukua, na amepanda kweli, sio kuzungushwa. Na yale majani kwenye lijamu yananiambia kitu kingine. Farasi alikuwa nje kwenye nyasi na lijamu mdomoni, akainamisha kichwa akala, na aliyempanda hakumzuia, kisha aliporudi hakuliosha. Saisi aliyefundishwa kazi anaosha lijamu bila kufikiria, mkono wenyewe unaenda kwenye ndoo, na anayeficha ataliosha hata zaidi. Mimi ningemtafuta mgeni, mwanafunzi wa pale zizini, jamaa ya mtu, mtu wa kupanda na kushuka na kuacha vitu vimening'inia.

Lakini kuna uwezekano wa tatu ambao watu husahau, kwamba farasi wako alikuwa amesimama bandani muda wote na kilichoazimwa ni tandiko na hatamu. Chukua kile kitambaa cha chini ya tandiko ukipeleke kwenye mwanga, ukigeuze. Wako ni wa kijivu, ataacha nywele nyeupe na za kijivu. Ukikuta za kahawia au nyekundu zimeshikamana na jasho, tandiko lako limekaa juu ya farasi mwingine. Hilo nalo si dogo, manake choa na magonjwa mengine ya ngozi hupita kwa vitambaa na mishipi ya kuazimana, lakini ni kesi tofauti na usingependa kumshtaki mtu kwa hii ukakuta ni ile.

Meneja anasema joto, basi angalia jasho. Joto kweli linamtoa farasi jasho, ila linatoka shingoni, kifuani, ubavuni na katikati ya mapaja, halichori umbo la tandiko. Jasho la kupandwa linafuata tandiko, lina ukingo, na kuna mstari unashuka pale mshipi wa tumbo ulipopita. Kwa farasi wa kijivu ile chumvi nyeupe ikikauka huioni vizuri kwa macho, tumia kiganja, pitisha kinyume na nywele utasikia zimekakamaa zimeshikana vijitita. Kama amelowa umbo la blanketi basi ni blanketi, usimsingizie mtu. Na kama ana matope kila mahali mpaka shingoni huyo amejigaragaza mwenyewe kwenye uwanja wa malisho, farasi wanapenda sana hiyo.

Fungua daftari. Kila mkiondoka piga picha ya tandiko likiwa mahali pake, vikuku vikiwa kwenye tundu mnalolijua, simu itaweka tarehe yenyewe. Wengine hufunga uzi mwembamba rangi ya ngozi ya tandiko kwenye bizimu ya mshipi, mtu hawezi kufunga mshipi bila kuukata. Piga picha kwato pia, viatu vya chuma vikianza kulika upesi kuliko fundi alivyozoea kuja, yaani wiki 6 hadi 8, kuna kilomita hazijulikani zimetoka wapi. Alafu badilisheni siku. Mtu anayejua mnakuja Jumatano na Jumapili ana wiki nzima ya uhuru. Nenda Jumamosi asubuhi, nenda Ijumaa saa nane mchana, bila kusema, bila kuingia kwa kelele, unaenda kumletea farasi wako karoti tu na hakuna mtu atakuuliza sababu. Kamera mimi siikatai lakini iweke ndani ya banda lako tu na meneja ajue ipo, isiwe inawachukua wafanyakazi wanapobadili nguo au kupumzika, Kenya tuna sheria ya kulinda data za watu tangu 2019 na hutaki wewe ndo uwe mkosaji. Kwa usalama wa haraka zaidi nunua sanduku la kufuli, au hatamu na lijamu mrudi nazo nyumbani. Haitamzuia mtu aliyezoea kupanda kwa kamba ya kichwa bila tandiko, ila wale wa kubahatisha itawazuia.

Alafu kuna karatasi, na hapa nakuomba usome polepole. Mazizi hayalazi farasi kwa mkataba wa aina moja. Kuna anayelipia nafasi tu, kazi zote anafanya mwenyewe. Kuna anayelipia kulishwa na kusafishiwa, kama ninyi mnavyosema. Kuna anayelipia hadi mazoezi, yaani saisi au mwalimu anampanda farasi siku ambazo mwenyewe hayupo ili asikae bandani akavimba miguu. Na kuna ile ya bei nafuu ambayo zizi linapunguza malipo na kwa malipo hayo linamtumia farasi kufundishia wanafunzi. Je, bei mnayolipa iko chini kuliko majirani? Mliposajili kuna mtu alisema "tutamfanyisha mazoezi kidogo" mkaitikia? Nimeona familia zimegombana vibaya sana na zizi kwa sababu ya neno moja la mdomo ambalo mmoja alilisikia kama ukarimu na mwenzake akalisikia kama ruhusa. Kama hakuna karatasi kabisa tafuta SMS na WhatsApp za siku zile.

Ukishakuwa na daftari, picha na ripoti ya daktari, omba kikao na mwenye zizi, na asipokuwepo basi meneja, wewe na mumeo, bila binti na bila saisi kusimamishwa mbele yenu kama mshtakiwa. Sema ulichokiona, usiseme unachodhani. "Tarehe hii tuliacha vikuku tundu la tano, tarehe hii tumekuta la nane, daktari amekuta hivi, tunaomba kujua nani alimpanda na kwa ruhusa ya nani." Alafu nyamaza, mwache ajaze yeye. Ukianza na "mnamkodisha farasi wetu kwa bathdei" na ikawa sivyo umempa nafasi ya kukasirika na mazungumzo yamekwisha.

Wakikubali kosa, mtaona wenyewe kama kuna imani ya kuendelea. Wakikataa na ushahidi upo, toa notisi kama mlivyokubaliana, lipa deni lote ili wasipate kisingizio cha kumzuia, uondoke na kadi yake ya chanjo. Kumhamisha leo leo kwa hasira, farasi mwenye mgongo mbaya, kwenye lori, mimi siungi mkono. Daktari aseme yuko tayari.

Polisi sasa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya kifungu cha 294 kinaongea jambo hili hili, mtu anayechukua bila haki mnyama wa kupandwa au wa kukokota, au gari, au baiskeli, au chombo cha majini, akamtumia bila nia ya kuiba moja kwa moja, ametenda kosa. Wengi hudhani kwa sababu farasi alirudishwa bandani hakuna kesi. Ipo. Ndugu zetu walio Uingereza hawana bahati hiyo, huko mahakama ilisema mwaka 1978 kwamba farasi haingii kwenye ile sheria ya kuchukua chombo cha usafiri bila idhini, kwa hiyo wanabaki na kesi ya madai. Sisi sheria imemtaja mnyama. Na kama amepandwa mpaka akaumia, iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayogusa kumpanda mnyama kupita kiasi na kumbebesha kupita kiasi. Kwa hiyo mlango wa polisi uko wazi, ila uingie ukiwa na jina na tarehe mkononi.

Na mwambieni meneja wazi kwa nini hili si suala la ubahili. Farasi wa kilo 450 wataalamu wengi wanamwekea kikomo cha asilimia 20 hivi, mtu na tandiko pamoja, yaani kilo 90, na aliyekonda au mwenye mgongo mbaya chini ya hapo. Nani alimpima huyo mgeni? Baada ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika daktari humpumzisha kazi ngumu wiki kadhaa, mtu asiyejua tarehe anaweza kumpanda mbio wiki hiyo hiyo na kumuua. Ugonjwa wenyewe unaletwa na vijidudu vinavyouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, ndo maana farasi anaingizwa bandani kabla jua halijazama, na anayempanda kwa siri anapenda saa hizo hizo za giza. Na mgeni akianguka akavunjika, bila kofia, bila bima, juu ya farasi wenu, jina litakalotafutwa kwanza ni la mwenye farasi.

SWALI LA PILI

Mzee shikamoo. Mimi ni saisi, nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana. Mahali nipo sasa kuna farasi wa watu wanalazwa tu. Meneja anapata wageni wikendi, farasi wa zizi wakiwa wachache anatuambia tutoe wa watu, eti mwenye farasi haji leo. Mimi moyo unaniuma, kuna mmoja ana jeraha chini ya mshipi na bado ananiambia weka kitambaa kinene. Mwenye farasi akiuliza tumeambiwa tuseme hajaguswa. Nikikataa kazi itaenda na nina watoto wanasoma. Nikisema ukweli pia itaenda. Nifanyeje?

Saisi, Kiambu

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeiweka chini ya ile ya huyo mama kwa makusudi, nataka wenye farasi waisome. Simjui bosi wako na simjui meneja wa zizi la huyo mama lakini hii ndo sababu namwambia mama asianze na saisi.

Kwanza lile jeraha. Hapo hakuna cha kujadili na meneja, kidonda chini ya mshipi hakifunikwi kwa kitambaa, kinapumzishwa. Mwambie kwa heshima na mbele ya mwenzako mmoja, "bosi huyu ana kidonda, mgeni akipanda atamrusha, nitatoa mwingine au tumwambie mgeni asubiri." Ongelea mgeni kuanguka, meneja ambaye haogopi kidonda cha farasi anaogopa mgeni aliyevunjika mkono. Hiyo ni kweli pia, farasi anayebanwa kidonda anainua mgongo na kurusha.

Pili, amri za mdomo zigeuze maandishi bila ugomvi. Akikuambia toa fulani, mtumie ujumbe wa kawaida, "Bosi nathibitisha farasi namba nne atoke saa tatu na wageni, ni sawa?" Akijibu sawa, umeshika. Asipojibu, ujumbe wako upo na saa yake. Weka na kadaftari chako, tarehe, farasi, nani alipanda, nani alisema. Usikaweke zizini. Siku mwenye farasi akija na polisi, na siku hiyo ipo, meneja atasema ni saisi alimkodisha kwa siri akala pesa, na wewe utakuwa na nini mkononi?

Kuhusu kudanganya, sitakuambia ukimbie kwa mwenye farasi leo ukapoteze kazi, watoto wanakula kwa hiyo kazi. Lakini acha kusema "hajaguswa". Akikuuliza sema, "mama, hilo naomba umuulize meneja mwenyewe." Si uongo, na mwenye akili atasikia. Na kama meneja atakufukuza kwa kisingizio cha utovu wa nidhamu, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 41 kinamtaka akueleze kosa kwa lugha unayoielewa na akusikilize kwanza, ukiwa na mwenzako wa kazini au mtu wa chama chenu unayemchagua. Wengi wa masaisi hawajui wana haki hiyo. Ijue, na waambie wenzako. Alafu anza kuulizia kazi kwingine taratibu, mtu anayeona kidonda cha farasi kikamuuma moyo anatafutwa sana na wenye farasi wa kweli.

SWALI LA TATU

Asalaam aleikum mzee. Mimi si wa farasi, ni wa punda, niko Lamu. Punda wangu anabeba mchanga na mawe mchana, jioni namfungulia azurure mtaani kama wenzake. Siku hizi asubuhi namkuta ana jasho limekauka na mgongo umechubuka mahali shogi yangu ya kubebea mizigo haigusi. Kuna nyumba inajengwa nyuma ya kwetu na jirani yangu ndo ana tenda ya kupeleka vifaa. Nikimtazama ananisalimu vizuri tu. Ni mtu tumekua pamoja, mamake ni kama mamangu. Nimwambieje?

Kijana wa Langoni

JIBU

Waaleikum salaam kijana wangu. Hapo ulipogusa, kwamba pamechubuka mahali shogi yako haifiki, ndo penyewe. Chukua shogi yako iweke juu ya punda akiwa ametulia, piga picha ionekane shogi na kidonda kwa pamoja. Hiyo picha haina cha kubishana.

Kisha leo usiku usimfungulie. Najua desturi ya Lamu punda akimaliza kazi anaachwa ajitafutie, na ni desturi nzuri, ila kwa sasa mfunge uani na maji na majani. Kama jasho litakoma na vidonda vitaanza kukauka, umejua bila kumtuhumu mtu yeyote, na kama jirani atakuja asubuhi kuuliza punda yuko wapi, umejua zaidi.

Kwa jirani nenda mwenyewe, baada ya swala, sio mbele ya mafundi wake. Usimuulize kama ni yeye. Mwambie, "kaka, punda wangu kuna mtu anambebesha usiku, amechubuka, nimemfunga mpaka apone, nawe ukiona mtu anamtafuta niambie." Umempa mlango wa kutokea bila aibu na umemwambia kila kitu. Kama alikuwa na shida ya mnyama na tenda imemzidi, mwambie atakapopona mnaweza kuelewana bei ya siku, mchana, na wewe ukiwepo. Mkiwa mmekua pamoja hiyo inawezekana na mamake hatapata habari za kumhuzunisha. Akirudia baada ya hapo mpeleke kwa wazee wa mtaa, na yakishindikana kile kifungu cha 294 nilichomtajia mama wa Nairobi kinamfikia punda kama kinavyomfikia farasi.

Kidonda kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, usipake oili chafu ya injini, nimeona watu wanafanya hivo na kinachimbika. Mpeleke ile kliniki ya punda hapo hapo Lamu, iko tangu 1987 na wamewazoea punda wa huko, wakitazame na waseme siku ngapi apumzike. Shogi isirudi mgongoni mpaka ngozi ifunge yote na ukikandamiza kwa kidole asikwepe, na ikirudi weka godoro nene chini yake na anza na nusu mzigo.